Namna ya Kusingizia Majira: Mwongozo kwa Mwenye Kondoo Dume Mjini Moshi

Umenunua dume. Hongera sana. Wala si beberu wa mbuzi, maana mabeberu kila mtu anao. Wewe umekwenda mnada wa Weruweru ukarudi na kondoo, Dorper, mwili mweupe, kichwa cheusi, kifua kipana kuliko chako. Umemfunga nyuma ya nyumba yako Soweto, kando ya tangi la maji, mahali ambapo kila anayekwenda dukani lazima amwone. Ukatangaza: mwenye jike alete, alipe, arudi nyumbani akasubiri. Wakaleta. Jirani wa mkono wa kulia, mama mmoja wa Rau, shemeji yako wa Pasua aliyeahidi kulipa mwisho wa mwezi.

Sasa miezi mitano imepita, na kwenye mabanda yao hakujasikika mlio wa mwanakondoo hata wa dawa.

Usihangaike kutafuta tatizo. Tatizo likipatikana litakuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Tafuta kisingizio. Na hapa kwetu chini ya mlima, penye kiangazi, masika, kipupwe na vuli ndani ya mwaka mmoja, hakuna kisingizio kitamu kama majira. Nifuate hatua kwa hatua. Wanakondoo utawakosa, heshima itabaki, na sote wawili tunajua ni kipi kati ya hivyo kilikutoa nyumbani kwenda mnadani.

1. Achana na kisingizio cha Ulaya

Wenye kusoma watakuambia kondoo ana majira yake ya kupandana. Kweli anayo, ila ni huko baridi inakouma. Kondoo wa nchi za kaskazini anahesabu giza. Usiku ukirefuka, tezi ndogo iliyojificha ubongoni inamwaga homoni iitwayo melatonini kwa saa nyingi zaidi, na mwili unaelewa kwamba wakati umewadia. Chukua Soay, kondoo wadogo wa visiwa vya St Kilda, Scotland. Siku zikifupika, korodani za dume zinajaa. Novemba anapigana na wenzake na kupanda majike. Baada ya hapo zinanywea, naye anabaki kula majani kwa amani. Kwa kuwa mimba ya kondoo ni miezi 5, watoto wanazaliwa Aprili, nyasi mpya zinapochipua. Mwenye dume wa namna hiyo ana raha zake: Mei nzima anakaa kitini na kusema "si msimu wake", na hakuna wa kumbishia.

Wewe huna raha hiyo. London, siku ndefu kabisa ina zaidi ya saa 16 za mwanga, na fupi kabisa haifikishi 8. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo tu kusini mwa ikweta, na kati ya siku yetu ndefu na siku yetu fupi tofauti haifiki nusu saa. Nusu saa ndiyo muda wa kusubiri daladala ya Kibosho ijaze abiria. Hakuna tezi itakayoamka kwa ajili hiyo.

Tena Dorper mwenyewe ana rekodi mbaya kwa kesi yako. Alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza, ambaye hata kwao anasifika kwa kupandana miezi mingi kuliko wenzake, na Persian mwenye kichwa cheusi, ambaye asili yake ni Somalia na habari za usiku mrefu hajawahi kuzisikia. Ukisema mbele ya kijana aliyesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo, kwamba dume wako anasubiri siku zifupike, atakuuliza zifupike ziende wapi.

Kwa hiyo mwanga uache. Shika joto, njaa na mvua. Hivi ni visingizio vya uhakika kwa sababu ni vya kweli: vyote vinashusha mbegu za dume, na vyote vinakuja na kalenda. Kuna jambo moja tu la kulinyamazia. Kabla havijamfikia dume, vyote vinapita kwanza mikononi mwako.

2. Januari, mpike

Ukitaka dume mwenye kiburi kamili na mbegu zilizokufa, kazi inaanza Januari. Mjini joto linapanda, linavuka nyuzi 30 mchana, na halitulii mpaka mvua za Machi. Jenga banda sasa. Mabanzi pande zote, yasiache hata upenyo wa upepo. Bati juu, tena chini kiasi cha kumgusa masikio. Elekeza ubavu wa banda magharibi ili jua la saa tisa lipate pa kugonga. Mti wa mwembe uliokuwa unatia kivuli, ukate. Unaziba watu wasimwone dume.

Nikueleze kwa nini inafanya kazi, usije ukafanikiwa kwa kubahatisha. Mwili wa kondoo una joto la nyuzi 39 hivi. Korodani zinataka nyuzi 4 hadi 6 pungufu ya hapo, la sivyo hazitengenezi kitu cha maana. Ndiyo maana zinaning'inia nje. Mfuko ule si pambo, ni mtambo wa kupoza. Mishipa inayorudisha damu iliyopoa imeuzingira mshipa unaoleta damu ya moto, kwa hiyo damu inapoa kabla haijafika. Misuli inauteremsha mfuko kukiwa na joto na kuupandisha kukiwa na baridi. Ngozi yake inatoka jasho. Muumba alifikiria kila kitu isipokuwa bati la Soweto.

Mtambo ukizidiwa kwa siku chache tu, mbegu zinaanza kutoka na kasoro: vichwa bila mikia, mikia iliyojikunja, na nyingi ambazo haziendi kokote. Wakati huo huo dume mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Anakula, anapiga mlango kwa kichwa, jike akipita anainua mdomo wa juu na kunusa hewa. Hamu ya kupanda na uwezo wa kuzalisha ni vitu viwili tofauti, na majirani wako wanakiona kimoja tu. Hapo ndipo riziki yako ilipo.

Wapo watu wenye kuharibu mambo. Wanajua kwamba kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi kama 6, na kwamba ukitoka Soweto kwenda Kibosho au Uru ukapanda mita 500 au 600 umeshapunguza nyuzi 3. Basi watu wanapanda mlimani Desemba kula Krismasi, dume wao wanampeleka Januari, akae kwenye kihamba cha babu chini ya migomba mpaka mvua zianze. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba huko mlimani hakuna wa kumwona ila babu, na babu haleti wateja.

3. Jifiche nyuma ya miezi miwili

Hii ndiyo siri kuu ya mwongozo mzima, isome mara mbili.

Mbegu ya dume haipikwi siku ya harusi. Kutengenezwa kwake ndani ya korodani kunachukua wiki 7 hivi. Kisha inapita kwenye mfereji mrefu uliojiviringisha nyuma ya korodani, inakomaa humo na kujifunza kuogelea, na safari hiyo inaweza kula wiki nyingine mbili. Jumla miezi miwili. Mbegu anayotoa dume wako Aprili ilianza kazi Februari, chini ya lile bati.

Sasa ona utamu wake. Aprili mvua imenyesha, hewa imepoa, kila kitu kijani, kilele cha Kibo kimejificha kwenye mawingu. Dume anapanda kwa nguvu zote mbele ya mashahidi. Nani atakumbuka Februari? Ukimwambia mtu kwamba kosa la leo lilifanyika kabla ya Kwaresima, atadhani unahubiri. Kati ya ukatili wako na matokeo yake umeingia msimu mzima. Wahalifu wengi hawajapata upendeleo wa namna hiyo.

Fanya hivyo hivyo kwa njaa, na mambo yatakwenda yenyewe.

4. Kipindi cha ukame, mlishe picha

Baada ya Juni nyasi zinaanza kuwa za kutafuta. Akina mama wanateremka mashamba ya chini na kupanda na mizigo ya majani kichwani, kwa kuwa mifugo ya kihamba haitoki bandani. Hadi Septemba wengi wanakata shina la mgomba, wanalikatakata na kumwekea mnyama pamoja na mabua ya mahindi. Wewe fanya hivyo, ila usiongeze chochote. Shina la mgomba sehemu kubwa ni maji. Tumbo litajaa na kuwa duara, utapiga picha safi, na protini itakuwa karibu na bure.

Korodani ni sehemu ya kwanza kubanwa chakula kinapokuwa duni, kwa sababu mwili hauoni haja ya kutunza kiwanda wakati stoo ni tupu. Zinasinyaa pole pole, bila kelele. Upande wa pili ni kwamba zinarudi haraka zikilishwa. Australia wafugaji wa Merino wanawapa madume wao mbegu za lupini, jamii ya kunde yenye protini nyingi, wiki 8 hivi kabla ya kupandisha, na korodani zinakua hadi mtu anaziona kwa macho. Hapa kwetu mashudu ya alizeti yangefanya kazi hiyo bila kupanda ndege. Kwa hiyo mashudu yafungie. Akiuliza mtu, sema mashudu ni ya ng'ombe wa maziwa, yeye ni dume, ajitegemee.

Wapo wanaopendelea njia ya pili, na sitawazuia: mnenepeshe. Pumba asubuhi, ugali uliolala mchana, pumba tena jioni. Mafuta yakijaa kwenye shingo ya mfuko, ule mtambo wa kupoza umeuvalisha koti. Juu ya hapo pumba nyingi bila majani ya kutosha zinatengeneza mawe kwenye njia ya mkojo, na dume aliyeziba mkojo hana muda wa mapenzi. Njia hii ni ya gharama kidogo lakini inafaa wenye kutembelewa na wageni kutoka Dar.

5. Masika, mwachie minyoo

Hapa umaridadi wa macho yako mnadani unalipa. Ungeweza kununua kondoo mwekundu wa Kimaasai. Hana kifua, hana kichwa cheusi, na kwenye picha anaonekana kama mbuzi aliyepauka. Lakini watafiti wa mifugo wa ILRI walipomlinganisha na Dorper pwani ya Kenya katika miaka ya 1990, penye unyevu na minyoo mingi, yule mwekundu ndiye aliyestahimili. Minyoo wanaokaa tumboni na kunyonya damu hawamsumbui kama wanavyomsumbua Dorper.

Wewe ulinunua kifua. Vizuri. Basi mvua zikianza Machi usimpe dawa ya minyoo, au mpe nusu dozi, ile iliyobaki mwaka juzi. Atapauka ndani ya kope, atavimba chini ya taya, atasimama pembeni. Matope yakae bandani ili kwato zioze, maana dume anapanda kwa miguu ya nyuma, na miguu ya nyuma ikiuma hata ulete jike mzuri kuliko wote wa Kilimanjaro atamwangalia tu. Homa ikimpata, ni faida juu ya faida: joto la homa linapika mbegu kwa ndani kama bati linavyopika kwa nje, na ile hesabu ya miezi miwili inaanza upya.

Usikaribie West Kilimanjaro. Huko Siha kuna kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI, na watu wa pale wana tabia ya kujibu maswali.

6. Usiruhusu vipimo

Dume hupimwa kwa vitu vitatu ambavyo havina gharama: tepu ya fundi cherehani kuzunguka mfuko, vidole viwili kuona kama korodani zote ziko sawa, ngumu kiasi, bila uvimbe, na macho kuona anavyotembea. Dakika tano. Mnunuzi mwenye akili angefanya hivyo Weruweru kabla ya kutoa pesa. Wewe hukufanya, kwa sababu kumshika kondoo huko mbele za watu ni aibu, na kwa sababu dalali alikuwa anakusifia viatu.

Endelea hivyo. Bwana mifugo akija na tepu, mpe chai. Akimaliza chai, mpe mbege. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe ficha bila wasiwasi, kwani anayetakiwa kuzaa si wewe.

Kuna kipimo cha nne, cha hatari zaidi. Mtu anampaka dume udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta kifuani. Kila jike anayepandwa anabaki na alama mgongoni. Baada ya siku 17 hivi, jike ambaye hakushika mimba anarudi kwenye joto, anapandwa tena, na alama mpya inaonekana. Majike wote wakipata alama mpya, hata mtoto wa darasa la tatu atajua kwamba kasoro iko kwa dume. Ukiona udongo mwekundu nyumbani kwako, sema ni wa kupaka ukuta.

7. Waepuke Wamaasai wa tambarare

Nimewaweka peke yao kwa sababu wao ndio tishio kubwa kwa biashara yetu. Kwa vizazi vingi wafugaji wa Kimaasai wamekuwa wakimfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo, apande asipande hapati kitu. Wanakifungua wanapotaka wao, miezi 5 kabla ya majani wanayoyatarajia, ili mtoto akianguka mama yake awe na maziwa. Hawana tepu wala melatonini. Wana ngozi na kamba.

Unaona ubaya wake. Watu hawa hawasubiri majira ya kondoo. Wanayatengeneza. Mwenye kufuata hesabu yao hapa Moshi angefika kwenye jambo la kuudhi sana, kwamba Juni ni mwezi mzuri wa kupandisha. Joto limeshuka, majani ya masika yapo, mbegu zilipikwa Aprili na Mei wakati wa ubaridi, na kama dawa ya minyoo ilitolewa dume yuko imara. Mimba ya Juni inazaa Novemba, mvua za vuli zinapokuwa zimeshagusa ardhi. Anayetaka watoto wa masika, wazaliwe Aprili, itabidi apandishe Novemba, na hapo dume ale mashudu kuanzia Septemba, kwa kuwa Septemba ndiyo inayotengeneza mbegu za Novemba. Ni mambo ya kupanga mbele, ya kuandika ukutani kwa mkaa. Mtu mwenye heshima zake hana muda huo.

8. Pesa kwanza, kupanda baadaye

Malipo yapokelewe siku ya kupanda. Kamwe yasisubiri siku ya kuzaa. Kanuni hii peke yake imelea familia nyingi.

Wakikuletea majike wengi, pokea wote. Dume mzima anamudu 30 hivi kwa msimu. Wako mgonjwa, mpe 60. Wakiwa kondoo wa mlimani wenye mikia mipana ya mafuta, hapo una mlango mwingine wa kutokea: dume asiyezoea mikia hiyo anahangaika, anateleza, anashuka bila kufika. Mfugaji mwema angeusogeza mkia pembeni kwa mkono. Wewe simama mbali na uoneshe huruma.

Kisha andaa majibu mapema, maana wataulizia.

"Mangi, kondoo wangu mbona kimya?" Huyo ni mama wa Rau.

"Mama, subira. Mwaka huu majira yamekaa vibaya."

Atakubali. Jirani wa kulia mwambie jike wake alikuwa amekonda, umshushie yeye mzigo. Shemeji wa Pasua, ambaye hajalipa, mwambie dume anajua aliyelipa na asiyelipa. Mchungaji akiuliza, jibu kwamba watoto ni majaliwa. Kama kuna kidume chochote cha kienyeji mtaani kinachozurura usiku na kikafanya kazi ambayo wako kashindwa, mtoto akizaliwa mpokee kwa shangwe na useme ni wa ukoo wako. Akitoka mwekundu, amefuata upande wa bibi.

Kwa mtu mgumu, aliyesoma, mwenye daftari, tumia mlima. Mtoe nje, mwelekeze kaskazini, sema kwa sauti ya chini: "Unaiona Kibo? Tangu 1912 imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Sembuse kondoo." Kila neno la sentensi hiyo ya barafu ni kweli, na hakuna mtu wa Kilimanjaro atakayekupinga, kwa kuwa kila mmoja wetu amemsikia babu yake akielezea theluji ilikokuwa ikifika. Kama mlima umefunikwa na mawingu, elekeza hivyo hivyo. Kwa kweli mabadiliko ya tabianchi yanawabana kondoo, kiangazi kikiwa kirefu bati linapika zaidi. Lakini barafu ya Kibo haikukukataza kuacha dirisha kwenye banda, na ndiyo maana unazungumza ukiwa umempa mgeni mgongo.

9. Ukishindwa kabisa, muuze kwa heshima

Kuna msimu mmoja wa kondoo dume ambao hauhusiani na joto wala mvua wala giza la Ulaya, nao ni Idi ya Kuchinja. Inafuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Juni; 2026 inasogea hadi mwishoni mwa Mei. Bei ya dume inapanda, na masharti yake yanakufaa wewe kabisa. Anatakiwa kondoo mwenye umri wa kutosha, asiwe chongo, asiwe kiguru, asiwe mgonjwa, asiwe amekondeana. Haulizwi kama ana watoto.

Ila hilo la kukondeana lina kazi yake. Hapa, kwa mara ya kwanza, itabidi ufungue gunia la mashudu. Anza miezi miwili kabla, mwishoni mwa Machi hivi. Mpe dawa ya minyoo dozi kamili, isije ikaonekana taya imevimba. Mchonge kwato ili asichechemee mbele ya mnunuzi. Banda limekuwa bovu na linanuka, mtoe, mfunge chini ya kivuli penye upepo, apendeze. Mvua zimeshapoza mji. Mwekee jiwe la chumvi, kwa sababu umeona wenzako wanaweka.

Hesabu sasa. Chakula kizuri, kivuli, ubaridi, hakuna minyoo, miguu mizima, miezi miwili. Siku atakayotoka kwako na kamba shingoni atakuwa dume kamili kwa mara ya kwanza tangu umnunue. Usimwambie mnunuzi. Yeye anataka nyama, na kwa habari hiyo hataongeza hata shilingi.